Tansio, vidonge vya "kutoa kutu kwenye mishipa", na kilichompata mama yangu hapa Lubumbashi

BintiKatuba (mwenye uzi)

Jambo yenu nyote. Naandika kwa ajili ya mama yangu, na najua wengi wenu mna mama au baba wa namna hiyo nyumbani. Ni mrefu, msome pole pole.

Mama ana miaka 63. Tansio yake, ambayo ndugu wa Tanzania mnaiita presha, ilijulikana miaka tisa iliyopita. Tangu hapo anameza amlodipine, dawa ya kushusha tansio, kila asubuhi baada ya chai. Mwezi wa pili nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, kiganja kimeshika ukuta, macho ameyafumba. Akasema kisogo kinamgonga tangu usiku. Mimi natumika farmasi hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, kwa hiyo mashine ya kupimia ninayo. Nikamfunga mkono: 19 kwa 11. Nikamwacha atulie dakika tano, nikarudia: 19 kwa 11. Kwa wanaosoma namba ndefu, hiyo ni 190 kwa 110.

Nikamuuliza, "Mama, dawa ulimeza?" Akasema ndiyo, akaingia chumbani, akatoka na kopo jeupe lenye picha ya moyo na kichala cha zabibu. Ndani mlikuwa na vidonge vya rangi ya kahawia, vikubwa kama punje ya haragi. Nikasoma karatasi: vitamini C, vitamini E, mbegu za zabibu. Amlodipine alikuwa ameiacha wiki moja.

Aliyemuuzia alikuja baada ya ibada akiwa na koti jeupe. Akawaambia wamama kwamba tansio ni mishipa iliyoshika kutu, na kwamba vidonge vyake vina antioksidanti, yaani vitu vya kuzuia oksijeni kali isiharibu mwili, nazo zinaitoa kutu yote, wakati dawa za hospitali zinaua figo. Kopo moja dola 35, la siku 30. Kwa pesa hiyo mama angemeza amlodipine miezi mingi sana.

Nimekaa na jambo hili wiki nyingi, nikisoma usiku watoto wakilala. Nataka tuliongee vizuri, kwa sababu lile neno "kutu" si uongo mtupu, na ndiyo maana linawakamata watu wenye akili timamu.

Ndani ya kila mshipa wa damu kuna utando wa seli, safu moja tu, unaitwa endotelio. Utando huo unatoa hewa inayoitwa nitriki oksidi, nayo inaupa msuli wa mshipa amri ya kulegea. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kugundua kazi ya hewa hiyo mwilini. Kwa mtu wa tansio, seli za mshipa zinatengeneza kwa wingi oksijeni kali iitwayo superoksidi. Ikikutana na nitriki oksidi inaimaliza palepale, amri haifiki, mshipa unabaki umekaza. Mwaka huohuo wa 1998 watafiti wa Pisa, Italia, walipitisha vitamini C moja kwa moja ndani ya mshipa wa mkono wa watu wenye tansio, na mishipa ikalegea vizuri zaidi.

Kwa hiyo wazo lilianzia maabara, si kwa muuzaji. Lakini sindano ya mshipani inafikisha vitamini C kwa wingi ambao mdomo hauwezi kuufikisha. Ukimeza nyingi, utumbo unapokea sehemu tu, na figo zinaitoa iliyozidi kwenye mkojo.

MamaMapasa

Pole sana yaya, dada yangu. Mama yuko namna gani sasa? Mimi mume wangu naye ana kopo kama hilo, la kwake lina picha ya komamanga. Anasema akimeza anasikia mwili mwepesi.

BintiKatuba

Asante mama. Mama yangu yuko vizuri, nitaeleza. Ila naomba mumeo apimwe. Tansio haisikiki. Mama yangu alikuwa anajisikia mwepesi pia, mpaka kisogo kilipoanza kugonga.

MwanaKamalondo

Binti, nakuheshimu lakini unasema nusu. Mimi nauza bidhaa za afya na sioni aibu, nalisha watoto. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2018, wazee walimeza antioksidanti ya MitoQ na mishipa yao ikafunguka kwa asilimia 42. Hiyo utasemaje? Wanasayansi nao walinunuliwa?

BintiKatuba

Hapana ndugu yangu, hawakununuliwa, na nafurahi umeuleta. Ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder. Nimeusoma.

Walikuwa watu 20, wenye miaka kati ya 60 na 79. Kila mmoja alimeza MitoQ wiki sita, na wiki sita nyingine kidonge kitupu kisicho na dawa. Kipimo ni hivi: unafungwa kitambaa kama kile cha tansio, kinakazwa dakika tano mpaka damu isimame, kisha kinafunguliwa ghafla. Damu inarudi kwa kasi, na kwa ultrasoni wanaangalia mshipa wa mkono unapanuka kiasi gani. Mshipa wenye endotelio nzima unapanuka sana, uliochoka unapanuka kidogo. Ile 42 ni nyongeza ya huo upanukaji. Si tansio iliyoshuka kwa asilimia 42.

Tena walikuwa wazee wenye afya, si wagonjwa wa tansio kama mama. Watu 20 kwa wiki sita hawatoshi kutuambia nani angepata kiharusi na nani asingepata. Utafiti ule unafungua mlango wa kutafuta zaidi. Kumwambia mama wa miaka 63 aache dawa yake kwa sababu ya utafiti ule, ndugu yangu, hilo hapana. Na kopo la mama hata halikuwa na hiyo MitoQ. Lilikuwa na vitamini za kawaida na zabibu.

Enfirmie_Kadutu

Niingie kidogo, mimi ni enfirmie, yaani muuguzi, Bukavu, miaka kumi na mbili kwenye huduma. Binti ameeleza vizuri. Naongeza kitu ambacho wauzaji hawakisemi: hizi vitamini zimeshajaribiwa kwa watu wengi sana na kwa miaka mingi.

Kuna jaribio la HOPE, lililoongozwa na Profesa Salim Yusuf wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, likatolewa mwaka 2000. Watu zaidi ya 9,000 wenye miaka 55 na kuendelea, wenye ugonjwa wa mishipa au kisukari, na karibu nusu yao wana tansio. Wale wale waligawanywa mara mbili. Mara ya kwanza: nusu wanapewa vitamini E, uniti 400 kila siku, nusu kidonge kitupu. Mara ya pili: nusu wanapewa ramipril, dawa ya tansio, nusu kidonge kitupu. Wakafuatwa miaka minne na nusu hivi.

Waliopata mshtuko wa moyo, kiharusi au kufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa: kwenye vitamini E walikuwa asilimia 16.2, kwenye kidonge kitupu 15.5. Ni sawa tu. Kwenye ramipril walikuwa asilimia 14.0, kwenye kidonge kitupu 17.8. Watu ni wale wale, hospitali zile zile, madaktari wale wale.

Uingereza nako, mwaka 2002, walimaliza jaribio la watu 20,536, vitamini E, C na beta-karotini (ile inayogeuka vitamini A mwilini) kwa pamoja, miaka mitano. Walipima damu wakakuta vitamini zimepanda kweli, maana yake watu walimeza na zikaingia. Mishtuko ya moyo na viharusi havikupungua.

BintiKatuba

Asante sana munganga. Hapo kwenye HOPE ndipo mimi nililia, kusema kweli, maana niliona amlodipine imekaa kwenye droo ya mama na kopo la zabibu liko mezani.

Na sababu inaeleweka. Kuna homoni iitwayo anjiotensini ya pili. Inakaza mishipa, na pia inaamsha kile kiwanda cha ndani ya seli kinachotengeneza superoksidi. Ramipril inapunguza anjiotensini hiyo. Yaani inafunga robine, mfereji wa maji. Vitamini E inapangusa maji sakafuni huku robine iko wazi. Kwa hiyo anayetafuta kitu cha kuilinda mishipa dhidi ya hiyo kutu, mara nyingi tayari anakimeza, ameandikiwa na daktari.

PapaRuashi

Binti yangu, mimi ni mstaafu wa mgodi, miaka 68. Sinunui makopo ya dola 35, sina. Lakini kila asubuhi natia kwenye maji kile kidonge cha vitamini C kinachochemka, cha kwenye bomba la plastiki. Napenda ile ladha ya chungwa. Hicho nacho kibaya? Na sigara nilipunguza, sikuacha.

BintiKatuba

Papa, shikamoo, na asante kwa kuuliza, kwa sababu hicho ndicho tunachokiuza kuliko vyote hapa farmasi na hakuna anayekihofia.

Vitamini C yenyewe si adui. Mwaka 2012 walijumlisha majaribio 29, dozi ya kati miligramu 500 kwa siku, muda wa kati wiki nane, na tansio ya juu ilishuka kwa wastani kama 4, kwa namba ndefu, yaani 190 iwe 186 (namba zote za majaribio humu ni za namba ndefu). Ni kidogo, lakini ilishuka. Shida ni ule mchemko. Kidonge kinachemka kwa sababu kina bikaboneti ya sodiamu, na sodiamu ndiyo ile ile ya kwenye chumvi. Papa, geuza bomba usome pale pembeni, maandishi madogo. Lile la kwetu lilikuwa na miligramu zaidi ya 200 za sodiamu kwa kidonge kimoja. Shirika la Afya Duniani linataka mtu asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama miligramu 2,000 za sodiamu. Kwa hiyo unapoamka tu, kabla hujagusa bukari (ugali), sehemu moja ya kumi imeshakwenda kwenye glasi.

Mwaka 2013 Uingereza walichapisha utafiti wa wagonjwa zaidi ya 1,200,000. Waliotumia dawa zenye sodiamu, za kuchemka na za kuyeyuka, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata tansio kuliko waliotumia dawa zile zile zisizo na sodiamu. Kama unapenda chungwa papa, kula chungwa. Pale soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, yapo.

Kuhusu sigara naomba nisikufiche. Finlandi waliwapa beta-karotini wanaume wavutaji, jaribio zima lilikuwa la watu 29,133, wakitumaini itawalinda. Mwaka 1994 wakatangaza kwamba waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Kwa hiyo mvutaji asiguse kopo lolote lenye beta-karotini. Na moshi wenyewe unaua ile nitriki oksidi niliyoieleza juu. Jaribu kuacha kabisa, papa.

PapaRuashi

Nimesoma bomba. Ni miligramu 283. Nimempa jirani, hana tansio. Asante mwanangu.

MwanaKamalondo

Mimi sijawahi kumwambia mteja aache dawa ya hospitali. Nasema ameze zote mbili. Hapo kuna ubaya gani?

Enfirmie_Kadutu

Kaka, swali zuri na nakujibu bila hasira. Perth, Australia, mwaka 2005 walifanya jaribio kwa watu 69 wenye tansio ambao tayari wanameza dawa, yaani hao hao unaowauzia. Kuna waliopewa vitamini C peke yake, waliopewa mbegu za zabibu peke yake, waliopewa zote mbili pamoja, na waliopewa kidonge kitupu. Wiki sita. Waliomeza vitamini C pamoja na zabibu, tansio yao ilipanda, ile ya juu karibu 5. Soma sasa alichoandika Binti mwanzoni kuhusu kopo la mama yake.

Na vitamini E: Marekani madaktari wanaume 14,641 walijitolea wenyewe kwa jaribio lililotangazwa mwaka 2008. Moyo haukupata faida. Viharusi vya kuvuja damu kichwani vilikuwa 39 kwa waliomeza vitamini E na 23 kwa wasiomeza. Namba si kubwa, lakini kwa mtu mwenye 19 kwa 11 mimi nisingethubutu. Na kama mteja wako anameza dawa ya kuzuia damu isigande, vitamini E nyingi ni hatari zaidi.

MwanaKamalondo

Nimesikia. Hiyo ya Perth sikuwa naijua. Kopo la zabibu na vitamini C ninalo, nimeuzia wamama wanne. Nitawapigia.

BintiKatuba

Asante kaka. Kweli asante. Uwaombe wapimwe.

KapentaNaBukari

Sasa tule nini? Maana kila kitu mnakataza.

BintiKatuba

Hapana, hapa ndipo pazuri. Mwaka 1997 Marekani walijaribu lishe ya DASH kwa watu 459: mboga nyingi, matunda, maziwa yasiyo na mafuta mengi, mafuta kidogo. Wiki nane. Kwa waliokuwa na tansio, ile ya juu ilishuka kwa 11 na ya chini kwa 5 na nusu. Hakuna kopo nililolisoma lililofika hapo. Na hiyo lishe tunayo: lengalenga, matembele, sombe (kisamvu), maharagi, avoka, ndizi, mapapai. Antioksidanti zimo humo, lakini zimo pamoja na potasiamu, na potasiamu inasaidia mwili kutoa chumvi. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza, maana kwake potasiamu inaweza kuzidi.

Kuna pia maua mekundu ya bisapi (rosela). Boston waliwapa watu 65 wenye tansio iliyopanda kidogo vikombe vitatu kwa siku, wiki sita, na ya juu ikashuka kwa 7, wakati kwa waliokunywa kinywaji cha kuigiza kisicho na bisapi ilishuka kwa 1 tu. Lakini ile tunayonunua barabarani imejaa sukari. Chemsha mwenyewe.

Adui wetu hapa Lubumbashi yuko kwenye sufuria. Nilikaa jikoni kwa mama Jumamosi moja nikaangalia tu. Aliosha bitoyo, samaki wa chumvi, mara moja, akaitia kwenye sombe. Akatia kijiko cha chumvi. Akavunja kyubu mbili za mchuzi. Akaonja, akaongeza chumvi kidogo "isikie mdomo". Samaki yule alikuwa amekaushwa kwa chumvi tangu mwanzo! Sasa tunaloweka bitoyo na makayabu usiku kucha, maji tunamwaga mara mbili, na siku ya samaki wa chumvi hakuna chumvi nyingine wala kyubu. Wiki ya kwanza alikasirika. Wiki ya tatu alikula kwa dada yangu akasema chakula kina chumvi kali.

MamaMapasa

Yaya, lakini hujatuambia. Kwa nini mama aliacha dawa? Miaka tisa anameza, aje amsikilize mtu wa siku moja?

BintiKatuba

Hilo ndilo lililonifanya niandike, na nimelizunguka mpaka sasa.

Siku ile nilimgombeza. Nilisema maneno makali. Hakujibu. Jioni nilipokuwa namfunga tena kitambaa, akavuta kitenge juu kidogo, akanionyesha miguu. Juu ya kifundo palikuwa na mstari wa kiatu, umeingia ndani, na nilipobonyeza kwa kidole shimo likabaki. Akasema, "Hii ni ya ile dawa yenu. Miezi minane siwezi kuvaa viatu vya kanisani. Nilimwambia munganga, akasema ni uzee." Yule wa koti jeupe alikuwa mtu wa kwanza kumwuliza miguu inaumaje. Alimwambia ni figo zinakufa kwa dawa, na mama akaamini, kwa sababu alikuwa ameulizwa.

Miguu kuvimba ni kitu kinachojulikana cha amlodipine, hasa kwa dozi ya juu, na mama alikuwa anameza miligramu 10. Si lazima figo. Dawa inafungua mishipa midogo, maji yanachuja kutoka humo na kukaa kwenye vifundo. Mimi nauza amlodipine kila siku na sikuwahi kuangalia miguu ya mama yangu.

Tulikwenda kwa daktari mwingine. Akapima figo kwanza, ziko sawa. Akashusha amlodipine mpaka 5, akaongeza dawa ya ukoo wa ramipril, ambayo ikichanganywa hivyo inapunguza huo uvimbe. Alituonya kuhusu kikohozi kikavu, na kwamba mwanamke mwenye mimba haruhusiwi dawa za ukoo huo. Kopo la zabibu halikurudi. Tunapima mara mbili kwa wiki na ninaandika kwenye daftari la shule: 17 kwa 10, 16 kwa 10, 15 kwa 9. Jumapili iliyopita 13 kwa 8, na alikuwa amevaa vile viatu vyeusi.

MamaMapasa

Nimemwuliza mume wangu kuhusu dawa zake, sikutaja kopo. Amenyamaza, halafu akasema anaamka kukojoa mara tano usiku. Sikujua. Anaweza kuja kwako Katuba apimwe?

BintiKatuba

Aje hata kesho, mama. Asinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla, aende chooni kwanza, akae akiegemea kiti dakika tano, miguu chini, asiongee. Nitapima mikono yote miwili. Kama anachomeza ni cha kukojoza, pengine anakimeza jioni, na kuhamisha saa ni jambo la kumwuliza daktari wake tu. Alete vidonge vyote anavyomeza, pamoja na lile kopo la komamanga.